Je, Wajua? Ziwa, Fufu na Bidoni la Maji: Biolojia ya Uvira

Je, wajua kwamba Uvira iliwahi kutoa bure jibu la swali lililowasumbua wanajiografia wa Ulaya, na waliopewa hawakulitumia? Aprili 1858 Richard Burton na John Hanning Speke walifika hapa kwa mitumbwi wakitokea Ujiji. Walitaka kujua jambo moja: mto Ruzizi unatoka ziwani au unaingia? Kama unatoka kuelekea kaskazini, basi huenda Ziwa Tanganyika ndilo linaloulisha Nile. Wenyeji wakawajibu: unaingia. Wapiga makasia walikataa kusonga mbele, Burton akarudi bila kuuona mlango wa mto, na kufikia 1864 alikuwa akitetea kwa maandishi kwamba maji hutoka. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikwenda wenyewe hadi kaskazini wakayaona yakiingia. Mvuvi yeyote wa ufuo huu angewapunguzia safari.

Hata hivyo safari ile ya 1871 ilikuwa sayansi halisi, kwa sababu swali liliulizwa kwa namna ambayo mto wenyewe ungeweza kusema hapana. Dhana ambayo hakuna kitu chochote duniani kinachoweza kuikanusha haina kazi maabara. Nalisema hili mapema kwa kuwa vitabu vingi vya shule huanza na hatua za njia ya kisayansi, mwanafunzi akazikariri, kisha havizigusi tena hadi ukurasa wa mwisho.

Je, wajua kwamba mmoja wa watu wawili waliotoa jina la meiosisi alikuwa kwanza mtafuta konokono wa Tanganyika? Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm aliona konyeza katika ziwa hili, wale wanyama laini wanaoelea, ambao watu wa pwani huwajua baharini. Konyeza bara! John Edmund Sharrock Moore, Mwingereza, akaja mara mbili, 1896 na 1899. Aliwatazama konyeza, akatazama konokono wenye makombe manene yenye matuta na miiba mithili ya wale wa baharini, akahitimisha kwamba ziwa ni mabaki ya bahari ya enzi ya Jurasiki. Kitabu chake, The Tanganyika Problem, kilitoka 1903.

Hoja ilipendeza, ila ilibeba utabiri ndani yake: konyeza hao wasionekane mahali ambapo bahari hiyo haikufika. Wakaonekana Ziwa Victoria. Wakaonekana mto Niger. Baadaye umri wa ziwa ulikadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12, ilhali Jurasiki ilikwisha takriban miaka milioni 145 iliyopita. Na yale makombe manene? Ziwa hili lina kaa wenye nguvu ya kuvunja makombe, na kwa vizazi vingi konokono mwenye ganda gumu ndiye aliyebaki kuzaa. Moore alikosea kuhusu bahari, lakini 1905 yeye na J. Bretland Farmer ndio waliotoa jina la mgawanyiko wa seli unaopunguza kromosomu hadi nusu, ili yai na mbegu zikikutana idadi irudi kamili. Wanafunzi wa Uvira hulikariri neno hilo mita chache kutoka kwenye maji yaliyomshinda.

Konyeza mwenyewe, ukitaka kumwona, ana upana wa sentimeta 2 hivi.

Je, wajua kwamba sehemu kubwa kabisa ya ziwa hili haiwezi kumweka hai hata samaki mmoja? Kina chake hufika mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Lakini upande huu wa kaskazini, ukishuka takriban mita 100 tu, oksijeni imekwisha. Chini ya hapo wanaishi bakteria wanaopumua kwa kutumia salfeti badala ya oksijeni, na taka yao ni haidrojeni salfaidi, ile gesi ya harufu ya yai viza.

Sababu ni tofauti ndogo ya joto. Maji ya juu yana nyuzi 26 au 27, ya chini kabisa 23 na kidogo. Nyuzi tatu zinatosha: maji ya joto ni mepesi, hukaa juu ya yale ya baridi kama mawese juu ya mchuzi, na upepo hauna nguvu ya kuyachanganya hadi chini. Mizoga na majani huzama na kuoza huko, na fosforasi na naitrojeni yake hubaki huko huko, mbali na mwani wa juu unaoihitaji pamoja na mwanga wa jua. Dunia ikiongeza joto, tabaka la juu hujifunga zaidi. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la Nature kwamba uzalishaji wa ziwa ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 20, na wakakadiria kwamba samaki wamepungua kwa takriban asilimia 30.

Walijuaje, na hakuna aliyekuwa akipima mwani mwaka 1900? Walisoma kaboni katika matope ya sakafuni. Mwani hupendelea kaboni nyepesi, lakini ukistawi sana hulazimika kuchukua na nzito, na uwiano huo huzikwa mwaka baada ya mwaka. Wapo waliosema kosa ni la nyavu tu. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake wakatoa mabaki ya samaki kwenye matope hayo hayo na kuonyesha kwamba kupungua kulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara. Hilo halizisafishi nyavu. Linasema tu kwamba mshitakiwa si mmoja.

Haraka haraka:

Oksijeni, kaboni, haidrojeni na naitrojeni ni takriban asilimia 96 ya uzito wa mwili wako. Nne tu. Kalisi, fosforasi, salfa na wengineo wanagawana kilichobaki.

Maji mengi ya Tanganyika hayatoki kwa mto Lukuga kule Kalemie. Hupaa kuwa mvuke na kuacha chumvi nyuma. Chumvi nyingine nyingi huletwa na Ruzizi kutoka Ziwa Kivu, lenye volkano jirani. Ndiyo maana pH ya Tanganyika ni kati ya 8.6 na 9.2, maji ya upande wa magadi.

Kuna swila anayeishi humu ziwani, huzamia na kula samaki. Mvuvi akimkuta wavuni hahitaji somo la biolojia.

Kuhe ni mmoja wa samaki wakubwa kabisa wa familia ya sikilidi duniani. Ndugu zake ndani ya ziwa hili ni takriban spishi 240, karibu zote hazipatikani penginepo.

Mamba maarufu wa Ruzizi, Gustave, alisemwa kuwa na zaidi ya miaka 100 kwa sababu ya ukubwa wake. Watafiti walipomwona amepanua kinywa na meno yamejaa, makadirio yakashuka hadi chini ya 60 au karibu na hapo, maana mamba wa miaka 100 angekuwa kibogoyo. Ukubwa ulidanganya, meno yakasahihisha.

Yupo kambare mwenye madoa, Synodontis multipunctatus, anayefanya kazi ya ndege kekeo. Sikilidi wengi hulea mayai kinywani. Kambare huyu huingia kati wakati wa kutaga, mayai yake yakabebwa pamoja, yakaanguliwa mapema, na vifaranga vyake vikala watoto wa mwenye kinywa humo humo kinywani. Tetsu Sato alilieleza hili mwaka 1986. Mama anaendelea kulea.

Je, wajua kwa nini taa za wavuvi huzimika mbalamwezi ikikomaa? Ndagala, wale samaki wadogo, hufuata chakula chao, viumbe wanaopanda juu usiku na kushuka mchana. Taa juu ya mtumbwi huwakusanya, lakini mwezi mpevu huangaza ziwa zima na taa haina tena cha kushindania. Nyuma ya ndagala huja mukeke kuwala, na nyuma ya mukeke tunakuja sisi. Wapo ndagala wa aina mbili, na aina mojawapo, Limnothrissa miodon, ilipandikizwa na Wabelgiji katika Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Bukavu na Goma wanaila leo kwa jina la sambaza. Mwaka 1967 na 1968 ikapelekwa Ziwa Kariba, na bwawa la Cahora Bassa lilipojaa huko Msumbiji, ilifika yenyewe kwa kufuata mto Zambezi. Jaribio la kuhamisha samaki halirudishwi nyuma ukilijutia, na hili limefanikiwa kwa bahati kuliko kwa hesabu.

Sasa samaki ninayempenda kuliko wote, ingawa hana nyama ya kutosha sahani. Perissodus microlepis hula magamba ya samaki wengine. Huvizia kwa nyuma, hurukia ubavu, hung'oa magamba machache, hukimbia. Mdomo wake umepinda: wengine kulia, wengine kushoto. Aliyepinda kulia hushambulia ubavu wa kushoto wa windo, aliyepinda kushoto hushambulia wa kulia. Muderhwa Nshombo, mtafiti wa kituo cha Uvira, alichapisha mwaka 1985 pamoja na wenzake wa Japani jinsi samaki huyu anavyobadili chakula: mdogo hula viumbe wadogo wa majini, akikua hugeukia magamba. Kituo hicho leo kinaitwa CRH, na mizizi yake ni taasisi ya IRSAC iliyoundwa mwaka 1947.

Kisha Michio Hori, mtafiti wa Kijapani, akahesabu. Kwa miaka 11 alifuatilia wangapi wamepinda kulia na wangapi kushoto, akachapisha katika Science mwaka 1993. Idadi haikutulia nusu kwa nusu wala upande mmoja haukushinda moja kwa moja. Ilikwenda huku, ikarudi huku, ikiyumba kandokando ya nusu. Maelezo yake: wakizidi wa kulia, samaki wanaoliwa magamba hulinda zaidi ubavu wa kushoto, hapo wachache wa upande wa pili hupata ubavu usiolindwa, hushiba, huzaa sana, nao wakizidi mchezo hugeuka. Uchache ndio faida. Kiasi gani cha upindaji hurithiwa na kiasi gani hutokana na mazoea ya kula upande mmoja bado kinabishaniwa, na ubishi wenyewe ni mzuri: unaendeshwa kwa kufuga vifaranga na kupima taya, si kwa kupandisha sauti.

Tutoke majini, twende jikoni.

Je, wajua kwamba kinu cha sombe ni chombo cha kemia? Ndani ya seli ya jani la muhogo kuna kemikali iitwayo linamarini, na mahali pengine pa seli hiyo hiyo, ikiwa imetengwa nayo, kuna kimeng'enya kinachoivunja. Jani likiwa zima haviguswi. Ukitwanga, kuta za seli zinapasuka na viwili hivyo vinakutana. Linamarini huvunjika hadi kutoa glukosi, asetoni (ndiyo, ile ya kufutia rangi ya kucha) na haidrojeni sayanaidi. Mmea uliunda mtego huu kwa ajili ya mdudu atafunaye. Mama anayetwanga sombe anaufyatua makusudi, mapema, sufuria ikiwa haijafika mezani.

Na sumu inakwenda wapi? Haidrojeni sayanaidi huchemka kwa nyuzi 26 hivi, joto la kawaida la mchana wa Uvira. Sombe ikichemka muda mrefu bila kifuniko, gesi huondoka yenyewe. Mizizi ya muhogo mchungu hulowekwa siku tatu au nne. Bakteria hulainisha nyama yake, seli hufunguka, sumu huyeyuka na kutoka na maji, kisha jua humalizia. Anayefupisha siku hizo kwa haraka ya soko au ya vita hubaki nayo kwenye unga.

Kazi ya sayanaidi mwilini ni ya ukatili wa pekee. Huziba kimeng'enya cha mwisho ndani ya mitokondria, kile kinachokabidhi elektroni kwa oksijeni. Damu imejaa oksijeni, seli haziwezi kuitumia. Kwa dozi zisizoua lakini za kila siku ugonjwa mwingine hujitokeza: konzo, kupooza kwa miguu kwa ghafla kusikopona, kulikoelezwa kitaalamu na Giovanni Trolli mwaka 1938 kule magharibi mwa Kongo. Mwaka 2011 watafiti waliripoti konzo hapa Kivu Kusini, katika eneo lililochakazwa na vita. Mwili una njia ya kuiondoa sayanaidi, lakini njia hiyo inahitaji salfa, na salfa hiyo hutoka kwenye protini. Kwa hiyo fufu na ndagala si mapenzi ya ulimi tu. Ndagala analeta salfa inayolisaidia ini kuisafisha sahani yote.

Ukitaka jaribio la jikoni, dondosha iyodini ya vidonda kwenye kipande cha fufu. Kitageuka buluu inayokaribia nyeusi, kwa kuwa wanga ni mnyororo wa glukosi uliojisokota na iyodini hunasa ndani ya msokoto. Weka tone kwenye ndagala mkavu: hakuna kitu. Kipande kingine, kisicho na iyodini tafadhali, kitafune bila kumeza hadi kianze kuwa kitamu. Hicho ni kimeng'enya cha mate kikikata mnyororo kuwa sukari.

Mawese huganda kwenye milima ya Hauts Plateaux na kuyeyuka ufukweni kwa sababu karibu nusu ya asidi zake za mafuta zimenyooka, na zilizonyooka hupangika na kubanana baridi ikija. Wekundu wake ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A.

Sukari ya miwa, ile ambayo uwanda wa Ruzizi uliizalisha katika kiwanda cha Kiliba, ni glukosi na fruktosi zilizofungwa pamoja. Shika glukosi hiyo mkononi, tunaihitaji sasa hivi.

Je, wajua kwamba kipindupindu hakiharibu ukuta wa utumbo? Bakteria Vibrio cholerae huachia sumu inayoziamuru seli za utumbo kumwaga kloridi nje bila kukoma. Sodiamu hufuata, maji hufuata chumvi. Mgonjwa mzito anaweza kupoteza lita moja kwa saa na kufa siku hiyo hiyo. Ukimpa maji matupu hayaingii. Ukimpa maji ya chumvi hayaingii. Lakini mlango mmoja wa seli sumu haiugusi, nao hupitisha sodiamu ikiwa tu imeandamana na glukosi: ioni mbili za sodiamu kwa kila molekuli moja ya glukosi, na maji nyuma yao. Robert Crane aliueleza mlango huo kwenye mkutano wa Prague, Agosti 1960. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa vita vya Bangladesh, Dilip Mahalanabis aliishiwa na dripu, akaanza kuwanywesha watu chumvi na sukari, na vifo vikashuka sana. Kipimo cha nyumbani unapoelekea kituoni ni lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Chumvi isizidi; ikizidi huvuta maji kutoka mwilini badala ya kuyaingiza.

Maabara humkuza bakteria huyu katika mchuzi wa pH ya takriban 8.5, karibu na ya ziwa letu. Kufanana huko si ushahidi wa chochote. Ni swali tu, ila ni swali la kuvutia.

Ushahidi wa kinachoeneza kipindupindu Uvira ulitafutwa kwenye bomba. Aurélie Jeandron na wenzake walichukua kumbukumbu za shirika la maji la Regideso za maji yaliyosukumwa Uvira kila siku kuanzia 2009 hadi 2014, wakaziweka kando ya orodha ya waliolazwa kwa kushukiwa kuwa na kipindupindu. Baada ya siku isiyo na maji ya bomba, waliolazwa ndani ya siku 12 zilizofuata waliongezeka kwa asilimia 155, ikilinganishwa na siku ambayo maji yalitoka vizuri. Kwa ujumla, karibu robo ya wagonjwa walihusishwa na bomba kutotoa vya kutosha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015.

Mwenye shaka atauliza, na ana haki: pengine mvua kubwa ndiyo hukatiza mitambo na pia ndiyo hueneza ugonjwa, bomba likasingiziwa. Watafiti waliiingiza mvua kwenye hesabu. Kisha wakaligawa jiji: mitaa inayopata maji ya bomba kwa wingi upande mmoja, na mitaa ambayo bomba halifiki sana upande wa pili, ile ambayo watu wake huteka ziwani au mtoni siku zote, bomba litoe lisitoe. Kama kosa ni la mvua, pande zote mbili zingeumia kwa kiasi kimoja. Athari ilikuwa kubwa zaidi pale penye mabomba, kwa watu ambao bomba likikauka ndipo hushika bidoni na kuteremka ziwani.